Wasomaji Wauliza: Ushahidi wa Uongo na Njia ya Kwenda Vitani

Katika toleo lililopita tulimjibu msomaji aliyetaka kujua kilichokuwamo ndani ya chupa ndogo ambayo Colin Powell, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, aliiinua mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa tarehe 5 Februari 2003, alipodai kwamba Iraki inaficha silaha za maangamizi. Tulieleza kwamba chupa ile haikuwa na vijidudu vya kimeta. Ilikuwa ya kuonyeshea tu, ili wajumbe waone kwa macho yao jinsi unga kidogo unavyoweza kutisha. Jibu lile liliamsha maswali mengi. Tumechagua barua tano, na kwa kuwa zote zinazunguka jambo moja, tunazijibu pamoja.

*

Ndugu Mhariri,

Ninafundisha Historia katika shule ya sekondari. Hivi karibuni wanafunzi wangu wa kidato cha nne waliniambia kwamba vita vyote huanzishwa kwa uongo, na kwamba serikali hutunga ushahidi kama mtu anavyotunga hadithi. Mwenzangu katika ofisi ya walimu alipinga, akasema serikali haiwezi kuficha jambo kubwa namna hiyo kwa kuwa watu wanaohusika ni wengi mno. Mimi nilinyamaza, kwa sababu sikuwa na jibu la kumpa yeyote. Ni nani kati yao aliye sahihi?

Mwalimu, Morogoro

Ndugu Mwalimu, wanafunzi wako hawakosei wanaposema kwamba jambo hilo hutokea, na mwenzako anakosea anaposema haliwezekani. Hata hivyo, namna linavyotokea mara nyingi haifanani na hadithi inayotungwa na watu wachache waliojifungia chumbani.

Uzushi mtupu upo. Usiku wa tarehe 31 Agosti 1939, askari wa SS, kikosi cha chama cha Nazi cha Hitler nchini Ujerumani, waliojifanya Wapolandi walivamia kituo cha redio cha Gleiwitz karibu na mpaka wa Polandi, wakatangaza maneno machache kwa Kipolandi, kisha wakauacha pale mwili wa Franciszek Honiok, mtu waliyemkamata siku iliyotangulia, ili aonekane kuwa mmoja wa wavamizi. Kulipokucha, Ujerumani iliivamia Polandi, na Hitler akalihutubia Bunge lake akidai kwamba nchi yake ilikuwa imeshambuliwa mpakani. Tunayajua hayo kwa sababu Alfred Naujocks, aliyeongoza uvamizi huo, aliyaeleza kwa kiapo baada ya vita, na maelezo yake yakatumika katika kesi za Nuremberg, ambako viongozi wa Nazi walishtakiwa.

Visa kama hicho ni rahisi kuvifundisha, kwa kuwa mwongo anajulikana na uongo wake unaonekana. Kisa ambacho ningependa wanafunzi wako wakitazame kwa makini zaidi ni cha karatasi za Niger, kwa sababu kinahusu nchi ya Kiafrika iliyosingiziwa jambo ambalo haikulifanya, na kwa sababu kinaonyesha jinsi watu wengi wanavyoweza kuushughulikia ushahidi mmoja, wengine wakijua kuwa una kasoro, na bado ukafika juu kabisa ukiwa umevaa nguo safi.

Karatasi hizo zilikuwa barua na hati kadhaa za Kifaransa zilizoonyesha kwamba serikali ya Niger ilikubali kuiuzia Iraki tani 500 kwa mwaka za urani, madini yanayoweza kutumika kutengenezea silaha za nyuklia. Mnamo Oktoba 2002 zilifikishwa kwenye ubalozi wa Marekani mjini Roma, ingawa habari za mkataba huo zilikuwa zimeshaanza kupitishwa na majasusi wa Italia tangu mwaka uliotangulia. Februari 2002 shirika la ujasusi la CIA lilikuwa limemtuma Niamey balozi mstaafu, Joseph Wilson, akaulize. Alirudi akiwa na shaka kubwa kwamba mauzo ya namna hiyo yaliwezekana, kwa kuwa migodi ya urani ya Niger iliendeshwa na kampuni zilizosimamiwa na Wafaransa, na tani mamia haziwezi kupakiwa na kuondoka pasipo mtu kuuliza zinakwenda wapi.

Pamoja na hayo, tarehe 28 Januari 2003 Rais George W. Bush alilihutubia taifa lake akasema kwamba serikali ya Uingereza imegundua kuwa Saddam Hussein, Rais wa Iraki, alitafuta urani nyingi kutoka Afrika. Zingatia jinsi sentensi hiyo ilivyojengwa: mzigo wa kuithibitisha uliwekwa juu ya mabega ya Uingereza. Miezi mitatu kabla ya hapo CIA ilikuwa imeomba dai hilo liondolewe katika hotuba nyingine ya Rais, iliyotolewa Cincinnati tarehe 7 Oktoba 2002, nalo likaondolewa. Powell mwenyewe, alipokwenda kwenye Baraza la Usalama wiki moja baada ya hotuba ya Januari, aliliacha.

Ilipofika Februari 2003, Marekani ililikabidhi Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki nakala za karatasi hizo. Wakaguzi hawakuhitaji maabara. Walizisoma, wakatafuta majina kwenye intaneti, na kasoro zikajitokeza zenyewe. Barua moja yenye tarehe ya Oktoba 2000 ilikuwa na saini ya Allele Habibou akiwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Niger, ilhali mtu huyo alikuwa ameondoka katika wadhifa huo mwaka 1989. Barua nyingine, iliyodaiwa kutoka kwa Rais wa Niger, ilitaja mamlaka aliyopewa na katiba ya mwaka 1965, wakati katiba iliyokuwa ikitumika ni ya mwaka 1999. Tarehe 7 Machi 2003 mkuu wa shirika hilo, Mohamed ElBaradei, aliliambia Baraza la Usalama kwamba nyaraka hizo si halisi. Siku 13 baadaye vita vya Iraki vilianza.

Hakuna uchunguzi uliothibitisha kwamba Ikulu ya Marekani ndiyo iliyozighushi karatasi hizo, na tusiisingizie. Kosa lake ni jingine, nalo kwangu ni zito vilevile: ilichukua jambo lililotiliwa shaka na watu wake yenyewe, ikalisema hadharani kana kwamba shaka hiyo haikuwahi kuwapo. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna neno la kujikinga nalo tunapoleta habari tusiyoiona, nalo ni “inasemekana”. Kilichotokea Washington na London katika miezi ile ni kwamba “inasemekana” iliingia kwenye mlango wa chini, ikapanda ngazi moja baada ya nyingine, na ilipofika juu ikawa “ni”. Hili silisemi kwa kupamba maneno. Oktoba 2002 idara za ujasusi za Marekani zilitoa ripoti ya siri kuhusu silaha za Iraki, kisha zikatoa toleo lake kwa ajili ya wananchi. Kamati ya Seneti iliyoyalinganisha matoleo hayo mwaka 2004 ilikuta kwamba maneno ya tahadhari kama “tunakadiria kwamba” yalikuwa yameondolewa katika lile la wananchi, na maoni ya wataalamu waliopinga yamepunguzwa au kuachwa.

Mwambie mwenzako, basi, kwamba ana hoja anaposema watu wengi hawawezi kutunza siri. Wala hawakuitunza. Ofisi ya upelelezi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliandika, ndani ya ripoti ileile ya siri, kwamba habari za urani ya Afrika zinatia shaka sana. Wataalamu wa Wizara ya Nishati walisema kwamba mabomba ya alumini yaliyoagizwa na Iraki yaelekea si ya kutengenezea silaha za nyuklia, na wakaguzi wa kimataifa wakakuta kwamba yanalingana na ya roketi za kawaida. Walisema, wakaandika, na maandishi yao yakabaki kwenye tanbihi, mahali ambapo mwenye haraka hafiki.

*

Shikamoo Mhariri,

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita. Katika kitabu chetu imeandikwa kwamba Marekani iliingia kwa nguvu katika vita vya Vietnam baada ya meli zake kushambuliwa kwenye Ghuba ya Tonkin mwaka 1964. Kaka yangu anasema meli hizo hazikushambuliwa kamwe. Nikiulizwa kwenye mtihani, niandike nini?

Mwanafunzi, Tanga

Marahaba, mwanangu. Kitabu chako na kaka yako wanazungumzia siku mbili tofauti, na ukizitenganisha utapata jibu.

Tarehe 2 Agosti 1964 boti tatu za Vietnam ya Kaskazini ziliishambulia kweli meli ya kivita ya Marekani, Maddox. Hilo halina ubishi, ingawa wananchi wa Marekani hawakuambiwa kwamba siku chache kabla, visiwa vya Vietnam ya Kaskazini vilikuwa vimeshambuliwa na makomandoo wa Vietnam ya Kusini katika operesheni iliyopangwa kwa msaada wa Marekani. Tarehe 4 Agosti, usiku, Maddox na meli nyingine iitwayo Turner Joy zilitoa taarifa kwamba zinashambuliwa tena. Shambulio hilo la pili ndilo lililomfanya Rais Lyndon Johnson aamuru ndege zishambulie Vietnam ya Kaskazini usiku uleule, nalo ndilo ambalo halikutokea.

Jaribu kuuona usiku huo. Ni giza, hali ya hewa mbaya, bahari inachafuka. Mabaharia walioshambuliwa juzi wanatazama alama kwenye rada na kusikiliza vishindo vya chini ya maji kupitia vyombo vyao, na kila sauti inawajia kama topido, yaani kombora la chini ya maji. Wanafyatua mizinga kwa saa kadhaa. Rubani James Stockdale anazunguka juu yao kwa ndege, na baadaye atasema kwamba hakuona boti hata moja, aliona meli za Marekani zikifyatua risasi kwenye maji matupu. Saa chache baada ya tukio, Kapteni John Herrick, kamanda aliyekuwa ndani ya Maddox, alituma ujumbe kwamba taarifa nyingi za awali zinaonekana kuwa na mashaka, kwamba hali ya hewa huenda iliichanganya rada na wasikilizaji wa vyombo wakawa na papara. Akapendekeza uchunguzi kamili ufanywe kabla ya hatua nyingine kuchukuliwa.

Hakusubiriwa. Usiku huo Rais alizungumza kwenye televisheni. Tarehe 7 Agosti Kongresi ilipitisha azimio la kumruhusu atumie nguvu za kijeshi: kura 416 bila hata moja ya kupinga katika Baraza la Wawakilishi, na 88 kwa 2 katika Seneti. Waliokataa ni Wayne Morse wa Oregon na Ernest Gruening wa Alaska, na ninaona ni haki majina yao yatajwe. Kwa azimio hilo Johnson aliendesha vita ambavyo hadi mwisho wake viliwaua Wamarekani zaidi ya 58,000 na Wavietnamu kwa mamilioni.

Sasa unaweza kuuliza kama Rais alidanganya, maana ndilo swali lililojificha ndani ya lako. Mabaharia hawakudanganya, waliogopa, wakaamini masikio yao. Uongo uliingia palipofuata. Mwaka 2005 shirika la Marekani la kunasa mawasiliano, NSA, lilitoa hadharani utafiti wa mwanahistoria wake, Robert Hanyok, ulioonyesha kwamba mawasiliano ya Wavietnamu yaliyonaswa yalipelekwa kwa wakubwa kwa kuchaguliwa: yale yaliyoelekea kuunga mkono shambulio la pili yalipelekwa, na mengi yaliyoonyesha kwamba hapakuwa na shambulio yakaachwa. Hapo si mabaharia tena wenye hofu gizani. Ni watu waliokaa mezani, penye mwanga, wakiyachambua makaratasi.

Kwenye mtihani andika tarehe zote mbili na ueleze kilichotokea katika kila moja. Msahihishaji anayejua kazi yake atakushukuru.

*

Mhariri, salamu.

Tarehe 7 Agosti 1998 nilikuwa kazini si mbali na Barabara ya Haile Selassie bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani. Vioo vya ofisi yetu vilitumwagikia, na jirani yangu wa nyumbani hakurudi. Marekani ilipokishambulia kiwanda kule Khartoum wiki mbili baadaye, nilisema moyoni kwamba wamepata walichostahili. Mwaka huu mwanangu ameniambia kwamba kiwanda kile kilikuwa cha dawa. Sijui nifanye nini na habari hiyo.

Mama wa watoto watatu, Nairobi

Mama, pole sana kwa yaliyokupata, na pole kwa kumpoteza jirani. Waliokufa Nairobi na Dar es Salaam siku hiyo walikuwa zaidi ya 200, na wengi wao walikuwa wapita njia na watu waliokuwa kazini kama wewe. Uhalifu uliofanywa dhidi yenu ulikuwa wa kweli na haukuhitaji ushahidi wa kutungwa. Kutamani aliyeufanya apatikane hakukuwa kosa.

Mwanao, hata hivyo, amesema kweli. Tarehe 20 Agosti 1998 Marekani ilirusha makombora Afghanistan na wakati uleule ikakiharibu kiwanda cha Al-Shifa, Khartoum Kaskazini. Mlinzi mmoja aliuawa. Serikali ya Rais Bill Clinton ilisema kwamba udongo uliochukuliwa kwa siri karibu na kiwanda ulikuwa na kemikali iitwayo EMPTA, inayotumika kutengeneza sumu ya VX, na kwamba kiwanda kilikuwa na uhusiano na mtandao wa Osama bin Laden. Mwanzoni maofisa wake walisema pia kwamba hawakuwa na habari ya dawa zozote za kuuzwa zilizotengenezwa pale. Waandishi wa habari waliofika kwenye kifusi walikuta chupa na pakiti za dawa, na baadaye maofisa hao walikiri kwamba dawa zilikuwa zikitengenezwa kweli, zikiwamo za malaria na za mifugo. Ilibainika pia kwamba mmiliki hakuwa yule waliyemdhania: mfanyabiashara Salah Idris alikuwa amekinunua kiwanda hicho miezi michache tu kabla, na mwaka 1999 Marekani iliziachia akaunti zake za benki ilizokuwa imezizuia.

Marekani haijawahi kusema kwamba udongo ule ulikuwa wa kubuni, nami siwezi kukuambia hivyo. Ninachoweza kukuambia ni kwamba hukumu ya kuliangamiza jengo zima ilisimama juu ya sampuli moja ya udongo ambayo haikuonyeshwa kwa mchunguzi huru, na kwamba Sudan ilipoomba Umoja wa Mataifa utume watu wachunguze kifusi, Marekani ilikataa. Serikali yenye uhakika na jambo lake hunufaika na uchunguzi.

Uliuliza ufanye nini. Wewe ulikuwa na uchungu na ukaamini ulichoambiwa na wenye vyombo vya kujua. Deni la habari ile liko kwao.

*

Mhariri, kijana wangu,

Mnanikera. Kila siku mnaandika uongo wa vita, uongo wa vita. Mimi nilikuwa mgambo mwaka 1978. Nimeona nyumba zilizochomwa, nimeona daraja la Kyaka likiwa chini, nimewaona wenye ng'ombe wakilia kwa kuwa zizi ni tupu. Huo nao ni ushahidi wa kutungwa? Msiwafundishe vijana kwamba hakuna vita vyenye sababu.

Mzee, Bukoba

Shikamoo mzee wangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na ninakushukuru kwa kuituma, kwa maana bila hiyo safu hii ingelalia upande mmoja.

Vita vya Kagera vinafaa sana katika mjadala huu, kwa sababu palikuwa na madai mawili na moja lilikuwa la uongo. Oktoba 1978 Redio Uganda ilitangaza kwamba Tanzania ndiyo iliyoivamia Uganda. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwezi huohuo, na tarehe 1 Novemba serikali yake ikatangaza kwamba ardhi yote kutoka mpakani hadi mtoni sasa ni ya Uganda. Ukiyaweka matangazo hayo mawili pamoja, la pili linalifichua la kwanza: aliyevamiwa hujihami, hatangazi kwamba amejiongezea wilaya. Upande wa Tanzania haukuhitaji chupa wala picha za setelaiti. Watu walikimbia wakiwa na watoto mgongoni, daraja lilikuwa limevunjwa, mifugo imeswagwa kuvuka mpaka, na yeyote aliyetaka kuyaona hayo angeweza kwenda kuyaona, kama ulivyoyaona wewe.

Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa mwanzoni mwa Novemba 1978 kwamba tutapigana, alitaja mambo matatu ambayo watoto wa wakati ule waliyashika kwa moyo: sababu tunayo, uwezo tunao, nia tunayo. Nimeyatumia maneno hayo kwa miaka mingi kuzipima habari za vita vya watu wengine, na swali ninalouliza ni lipi kati ya matatu lilitangulia. Kule Kagera sababu ilitangulia. Watu walikuwa wameshakufa kabla nia haijatangazwa. Kwa Tonkin, maofisa wa Johnson walikuwa wameandaa rasimu ya azimio la Kongresi tangu Mei 1964, zaidi ya miezi miwili kabla ya usiku ule wa giza. Kwa Iraki, kumbukumbu za kikao cha Waziri Mkuu Tony Blair cha tarehe 23 Julai 2002, zilizovuja mwaka 2005, zinamnukuu mkuu wa ujasusi wa nje wa Uingereza akitoa taarifa ya ziara yake ya Washington: kwamba hatua za kijeshi sasa zinaonekana kuwa haziepukiki, na kwamba habari za kijasusi na ukweli wa mambo vinapangwa vilingane na sera. Uwezo ulikuwapo, nia ilikuwapo, na sababu ikawa inatafutwa.

Nikubalie mzee niongeze jambo moja ambalo huenda hutalipenda. Hata vita vyenye sababu ya kweli huweza kubandikwa ushahidi wa uongo. Iraki iliivamia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990, na uvamizi huo ulikuwa wa wazi kama ule wa Kagera. Hata hivyo, tarehe 10 Oktoba 1990 msichana wa miaka 15, aliyetambulishwa kwa jina moja tu la Nayirah, aliwaambia wabunge wa Marekani huku akilia kwamba aliwaona askari wa Iraki wakiwatoa watoto njiti kwenye mashine zao hospitalini na kuwaacha wafe sakafuni. Rais na maseneta waliyarudia maneno yake mara nyingi. Seneti iliidhinisha vita Januari 1991 kwa kura 52 kwa 47. Mwaka mmoja baadaye ikajulikana kwamba msichana huyo alikuwa binti wa balozi wa Kuwait nchini Marekani, na kwamba kampuni ya uhusiano iliyolipwa kuitetea Kuwait ndiyo iliyosaidia kumwandaa. Wachunguzi waliokwenda Kuwait baada ya vita hawakupata uthibitisho wa kisa hicho. Waliouawa kweli na kuteswa kweli Kuwait walikuwapo, nao walistahili kusemewa na ukweli wao.

*

Ndugu Mhariri,

Swali langu ni fupi. Waliouleta uongo wa Iraki waliadhibiwa?

Msomaji, Mombasa

Ndugu msomaji, hakuna kiongozi wa Marekani wala wa Uingereza aliyefikishwa mahakamani kwa ushahidi ule.

Wachunguzi waliotumwa Iraki baada ya uvamizi hawakuzikuta silaha za maangamizi zilizotajwa. Walichokuta ni mabaki ya makombora ya kemikali yaliyochakaa, ya kabla ya mwaka 1991. Mkimbizi wa Kiiraki aliyepewa jina la siri la Curveball, ambaye simulizi zake ndizo zilizokuwa msingi wa picha za maabara za silaha za vijidudu za kwenye malori alizozionyesha Powell, alikiri hadharani mwaka 2011 kwamba alizitunga. Majasusi wa Marekani hawakuwa wamemhoji wao wenyewe kabla ya vita. Powell alisema mwaka 2005 kwamba hotuba ile ni doa katika maisha yake ya kazi. George Tenet, mkuu wa CIA aliyekaa nyuma yake siku ya hotuba, alipewa na Rais Bush Desemba 2004 nishani ya juu kabisa ambayo raia anaweza kupewa. Uingereza ilifanya uchunguzi wa miaka saba chini ya John Chilcot, na ripoti iliyotolewa tarehe 6 Julai 2016 ilisema kwamba tishio la silaha za Iraki lilielezwa kwa uhakika usiostahili, na kwamba njia za amani zilikuwa hazijamalizika. Blair alieleza masikitiko yake, akashikilia kwamba uamuzi wenyewe ulikuwa sahihi.

Aliyefunguliwa mashtaka ni mtu mwingine kabisa. Katharine Gun alikuwa mfasiri wa Kichina katika shirika la Uingereza la kunasa mawasiliano. Mwishoni mwa Januari 2003 aliona barua pepe kutoka NSA ya Marekani ikiomba msaada wa kuwapeleleza wajumbe wa nchi za Baraza la Usalama zilizokuwa bado hazijaamua jinsi ya kupiga kura kuhusu Iraki. Miongoni mwa nchi hizo zilikuwamo tatu za Afrika: Angola, Kameruni na Guinea. Azimio lilihitaji kura tisa, na Washington ilitaka kujua kila nchi inafikiri nini na ingeweza kushawishiwa kwa lipi. Gun aliichapa barua hiyo, akaitoa nje, na gazeti la Observer likaichapisha tarehe 2 Machi 2003. Azimio lile halikupigiwa kura hadi vita vilipoanza. Siku chache baada ya gazeti kutoka, wenzake kazini wakiwa wanahojiwa mmoja mmoja, aliwaambia wakubwa zake kwamba ni yeye.

Alishtakiwa kwa kuvunja sheria ya siri za serikali, na mawakili wake wakaiomba serikali itoe ushauri wa kisheria ilioupata kuhusu uhalali wa vita. Tarehe 25 Februari 2004 alisimama mahakamani London, na kikao hakikufika nusu saa, kwa sababu mwendesha mashtaka alisimama akasema kwamba upande wake hautaleta ushahidi wowote.